Inchi Nzima Kila Upande

Kila asubuhi, kabla hajachana nywele, Kimya alipiga magoti kwenye chumba cha mbele na kupitisha sumaku chini ya cherehani. Pini zilizodondoka jana zikaruka na kung'ang'ania. Mjomba wake alishona pekupeku, akidai kanyagio halimsikii mtu mwenye viatu, na tangu binti huyo ahamie kwake hakuchomwa tena.

Jina la Kimya alipewa na wateja. Macho mengi, maneno hakuna, walisema. Mjomba akawajibu, "Mwacheni. Maneno yake anayaweka akiba."

Huyo mjomba, kaka wa marehemu mama yake, ndiye aliyemwombea nafasi shuleni, ingawa umri ulikuwa umeshamtupa mkono na darasani aliwapita wenzake kwa urefu wa kichwa kizima. Alisikilizwa kwa sababu sare za shule nzima zilipita mkononi mwake. Nyumba ile ilisimama kwa sare. Magauni ya sherehe, na nguo za wanene wanaokataa kwamba wamenenepa, zilikuwa za kupitishia muda tu.

Basi mwalimu wa darasa akatoa kazi. Kila mwanafunzi achunguze kazi ya mtu anayemfahamu, aiandike kwenye karatasi ya manila, halafu asimame mbele ya wenzake aiwasilishe.

"Maneno ya mtu yaandikeni kama yalivyotoka mdomoni," alisema. "Msiyatie chumvi. Na herufi ziwe kubwa, wa nyuma asome bila kukodoa macho."

Kimya hakuhitaji kwenda mbali. Alikaa kwenye kigoda, kalamu mkononi.

"Mjomba, ukitaka kukata kitambaa unaanzia wapi?"

"Naanzia kwa mwenyewe. Namwangalia anavyopumua. Kuna wanaobana tumbo nikiwapima, wakifika nyumbani wanaliachia, kesho wananiletea ugomvi."

"Mwalimu anataka jibu la maana."

"Haya, mama, andika la maana. Nakula inchi nzima kila upande, mteja haoni. Wenzangu wanakula nusu. Mtoto akikua, mama yake anairudisha, nafumua, naachia, nguo inavaliwa mwaka mwingine."

Kwa mafundi, kula ni kukificha kitambaa ndani ya mshono. Kimya alikuwa amelizoea neno hilo mpaka likawa halina meno. Haikumpitia akilini kwamba nje ya chumba kile kuna kula kwingine.

Akaandika kwa wino mwekundu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Alichora cherehani, akachora mkasi, akaanza maneno ya mjomba kwa herufi za kushiba. Alipofika kwenye "haoni", karatasi ikawa imekwisha. Aliizungusha, akazipima kingo kwa kiganja, hakuna nafasi. Hayo ya mtoto akikua atayasema kwa mdomo.

Mjomba alichungulia akiwa na uzi kati ya meno. Kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha. "Cherehani umeipatia," akasema. "Mpaka gurudumu."

Siku yenyewe ilipofika, mdomo ukagoma. Kimya alisoma kilichoandikwa, neno kwa neno, akafika mwisho wa karatasi na sauti nayo ikaishia hapo.

"Kumbe ndiyo maana sketi yangu inabana," akasema mmoja nyuma. "Fundi ameila."

"Na huyu mnamwonaje? Amejaa vile kwa kula nini?" mwingine akadakia.

Darasa likaangua kicheko. Kimya alifungua mdomo aseme ya mtoto akikua, lakini kicheko kilikuwa kimeshakaa kwenye nafasi ya maneno yake. Mwalimu akagonga meza.

"Nyamazeni. Huu ndio utafiti. Hakumwonea haya hata mjomba wake."

Akampa alama za juu kuliko wote. Karatasi ikabandikwa kwenye ukumbi wa ofisi, pale wazazi wanapokaa kusubiri.

Haikupita wiki, mwalimu mkuu akaja chumba cha mbele. Alikataa kiti, Kimya akitazama kutoka kwenye kigoda. Mjomba alipoelewa anaulizwa nini, alicheka kwanza, kisha akachukua shati la sare na kuligeuza ndani nje.

"Inchi yenyewe hii hapa, mkuu. Ishike. Sijaila, nimeilaza."

"Mimi nakuamini, fundi."

"Basi?"

"Wazazi wameshasoma. Nikianza kumgeuzia kila mmoja shati, nitafanya kazi saa ngapi? Vitambaa vya wanafunzi wapya nitavipeleka kwingine. Ni kwa mwaka huu tu."

Wote watatu walijua mwaka huu tu maana yake nini. Majora ya vitambaa vya shule yakabebwa mpaka kwenye gari, na mjomba mwenyewe akasaidia kubeba. Aliporudi alikaa kwenye cherehani isiyokuwa na kitu.

"Maneno ni yangu," akasema bila kumwangalia Kimya. "Siwezi kuyakana. Lakini si ungeyamalizia, mwanangu."

Kimya angeweza kumwambia habari ya karatasi kuisha. Aliona ni sababu ndogo mno kuitamka mbele ya meza tupu.

Kesho yake alimfuata mwalimu wa darasa kwenye ukumbi wa ofisi na kipande cha karatasi chenye maneno yaliyobaki, akaomba gundi.

"Aa, hapana," mwalimu akasema kwa upole. "Kazi ikishasahihishwa haiongezwi. Wenzako wataniambia nini? Na umepata alama nzuri, shida yako nini?"

"Naomba basi niitoe."

"Ile sasa ni mali ya shule. Wakaguzi wakija nataka waione."

Kengele ikalia, wenzake wakapita wakimsukuma mabega kuwahi darasani. Mmoja akamwita Binti Mla Kitambaa, bila hata ubaya, kama mtu anayeita jina la kawaida. Kimya alisubiri ukumbi utulie. Akafungua begi, akatoa vitabu vya shule, akavipanga juu ya benchi la wazazi, chini ya karatasi yake. Mlinzi wa getini alimuuliza ametumwa wapi. Hakujibu, na mlinzi akamfungulia, maana alimjua ni mtoto wa kimya. Alishika barabara, na shule ile hakuikanyaga tena.