Madam Paskazia na Nusu ya Jibu

Madam Paskazia alifundisha Biolojia miaka kumi na tisa bila kumaliza sentensi. Hakuwa na haja nayo. Katika kituo cha watu wazima pale Kiseke, wanakojiandaa wanaorudia mtihani wa kidato cha nne, yeye alianzisha neno na darasa likalimalizia. Kiingereza alikiweka kwa ajili ya mtihani, Kiswahili kwa ajili ya kuelewana, na kwenye kuelewana ndipo raha ilipokuwa.

"Damu inasukumwa na mo...?"

"Moyooo!"

"Tuko pamo...?"

"Pamojaaa!"

Mabati yalitetemeka, naye akatoka kidevu juu, akijua somo limeingia. Hata nyumbani hakuweza kujizuia. "Leo samaki ni sa...?" alimwuliza mumewe, Nestory, fundi seremala, naye akajibu, "Sato," bila kuinua macho kwenye gazeti. Ndoa ilikuwa na miaka ishirini na mbili, alishazoea.

Machi 2020 corona ikaingia, shule na vituo vikafungwa. Mwalimu Revocatus, kijana anayefundisha kompyuta, alimwonyesha masomo huria yaliyojaa mtandaoni, ya bure, ya kila mada. Paskazia alimsikiliza mwalimu mmoja dakika tatu, akarudisha simu.

"Anaongea peke yake mwanzo mpaka mwisho. Huyu anafundisha au anaweweseka? Nitarekodi mwenyewe."

Akajifungia chumbani akiwa amevaa gauni la kazini na viatu vyake, kana kwamba simu ina macho. "Oksijeni inabebwa na seli nyekundu za da...?" Akanyamaza, akautabasamia ukuta, akawangoja watu arobaini wajibu. "Vizuri sana!" akasema, akatuma kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Majibu hayakuchelewa. "Madam, sauti inakatika." "Madam, mtandao wako mbovu." Akabadili laini, yakaja yale yale. Akafunga khanga kiunoni, akapanda jiwe kubwa la nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, akafundisha mzunguko wote wa damu huku majirani wakijiuliza anamhubiria nani.

Revocatus alisikiliza somo moja tu, akacheka mpaka akakaa chini. "Madam, mtandao hauna kosa. Maneno ndiyo humalizi."

Kumaliza maneno, kwa Paskazia, kulikuwa sawa na kuwatafunia wanafunzi. Badala yake akaagiza kila mmoja arekodi majibu kwa sauti yake na kuyatuma.

Wa kwanza alikuwa Ng'washi wa Usagara, mama wa watoto wawili, mfagizi wa zahanati aliyetaka uuguzi kuliko kitu chochote. Chuo kilimtaka awe na alama ya D ya Biolojia tu. Alishapata F mara tatu, na mtihani wa Novemba hiyo ulikuwa wa mwisho, kwa kuwa mumewe alishasema ikishindikana safari hii, basi. Na bado darasani hakuna aliyeitikia kwa nguvu kama yeye! Paskazia aliamini kwamba mwanamke huyu anaogopa tu chumba cha mtihani.

"Moyo. Mapafu. Damu. Pamoja," ilisema sauti ya Ng'washi. Hakukosa hata moja. Paskazia alifurahi mno, akampigia hapo hapo.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mama. Umenifurahisha! Sasa niambie, mtu mwenye upungufu wa damu, kwa nini anachoka haraka?"

"Anachoka haraka kwa sababu..." Ng'washi alianza, akaishia hapo.

"Si kwa sababu damu inabeba ok...?"

"Oksijeni!"

"Eeeh! Inaipeleka wapi, ikafanye nini?"

"Oksijeni?" Ng'washi alirudia, taratibu. Paskazia akakaa kitandani.

"Ng'washi, miaka mitatu yote hii! Mbona hukuwahi kuniambia huelewi?"

"Hukuwahi kuniuliza, Madam." Alisema kwa adabu, bila lawama yoyote. "Ulikuwa unatupa nusu, sisi tunamalizia. Kwenye mtihani ile nusu haipo."

Aibu ilimshika Paskazia, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Zile F tatu alizokuwa akimpa pole Ng'washi, kumbe mkono wake mwenyewe ulikuwamo. Na hata sasa, mdomo ulikuwa umeshafunguka umpe silabi moja tu ya kuanzia. Akaufunga.

"Basi leo nakuuliza," alisema. "Na nitakuuliza kila siku mpaka Novemba. Usiharakishe. Nangoja."

Ng'washi alikohoa. Sauti iliyokuwa ikitetemesha mabati ikatoka ndogo, ya mtu anayeingia darasani kwa mara ya kwanza.

"Rudia swali, Madam. Lote."