China Yetu Ndani ya Wadi

Nilipokuwa mtoto, mjini Ibra, nililelewa na woga wa wanawake wawili wazee, na kila mmoja wao aliuona woga wa mwenzake kuwa upuuzi mtupu.

Wa kwanza alikuwa Bibi, mama yake baba. Alizaliwa Unguja mjini, akaja Oman mtu mzima na sanduku lake la kanga na sheria zake zote za kuishi na mashetani. Sheria kubwa kupita zote ilikuwa ya kuitwa. "Ukisikia unaitwa na humwoni anayekwita, nyamaza kimya," akituambia. "Binadamu akikutaka atakwita tena. Shetani haiti mara mbili." Mimi na mdogo wangu Raya tuliishika sheria hiyo barabara. Baba alipotuita kutoka uani tulisubiri aite tena, na mara nyingi wito wa pili ulikuja pamoja na kofi.

Wa pili alikuwa jirani yetu, Khalti Moza, yaani Mama Mdogo Moza, mjane wa Kiarabu, mzaliwa wa Ibra hapo hapo. Aliishi peke yake katika nyumba ya mwisho kabla ya wadi, mto mkavu wa mji. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza kwetu, na Kiarabu cha Bibi kilikuwa cha kuokoteza kwake, kwa hiyo sisi watoto tulikuwa wakalimani wa ugomvi wao. Khalti Moza alisema wadi ina mwenyewe, mwanamke asiyeonekana, anayekaa milimani na kushuka pamoja na maji. Mwanamke huyo hajui majina ya watu. Lakini akilisikia jina likiitwa mara mbili kwenye ukingo wa wadi hulishika, na siku akishuka humtafuta mwenye jina. Basi Khalti Moza akiwa karibu na wadi alimwita mtu mara moja tu. Asipoitikiwa, alimfuata kwa miguu yake.

Msomaji ameshaona tatizo liko wapi. Sisi hatukuliona, na tuliishi na sheria zote mbili kwa raha zetu.

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Ati mto una mwenyewe! Mto wenyewe hauna hata maji!"

Kwa hilo hakusema uongo. Wadi yetu ilikuwa njia pana ya mawe na changarawe iliyoukata mji, mitende huku na mitende kule, na mbuzi wakipita katikati. Magari yaliegeshwa mle. Vijana walicheza mpira mle. Mtende ulipata maji yake kutoka kwenye falaj, mfereji wa wazee uliopita nyuma ya nyumba, na mji mzima uliishi kwa tende. Zamani tende hizo zilichemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, zikaanikwa, zikapakiwa kwenda Bara Hindi. Majumba ya udongo ya mtaa wa kale, yaliyokuwa yakibomoka mbele ya macho yetu, yalijengwa kwa fedha za karafuu za Unguja na Pemba. Babu wa babu yangu aliondoka hapo kwa ukame, na sisi tulirudi hapo wageni. Hayo yote sikufundishwa shuleni. Shuleni nilifundishwa China.

Mwaka ule tulikuwa na mwalimu wa jiografia kutoka Misri, tukimwita Abla, mwenye sauti iliyosikika mpaka barabarani. Kitabu chake kilikuwa na somo refu juu ya wilaya moja ya kusini ya China, kandokando ya mto. Juu ya vilima palikuwa na mashamba ya chai, chini yake machungwa, na chini kabisa mpunga. Pembeni ya mto palikuwa na matanuri ya kuchomea vyombo vya udongo, na kwa karne nyingi vyombo hivyo vilishuka kwa mashua mpaka baharini. Kisha ikaja reli, mashua zikapungua, na watu wakaanza viwanda. Mto ulifurika mara kwa mara, ukabomoa nyumba na kuacha udongo mzuri, na watu wakajenga kuta za kuuzuia. Abla alitaka Jumamosi tuje kuieleza wilaya hiyo mbele ya darasa bila kutazama kitabu.

Bibi alilipenda somo lile kuliko mimi. Nilimfasiria ukurasa baada ya ukurasa naye akichambua mchele. "Hao ndio watu wana mto," akasema. "Na chunusi wanaye, anayewavuta watu chini?"

"Kitabu hakijasema, Bibi."

"Basi hicho kitabu hakijesha."

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, nilimwomba ruhusa ya kuijenga China ndani ya wadi, ili niielewe. Raya alikuwa na miaka sita na alishaiva kwa safari, ndoo mkononi. Bibi akatoka uani, akakinga macho kwa kiganja, akatazama juu. Hapakuwa na wingu hata la dawa. "Nendeni," akasema. "Mvua haipo."

Hapo ndipo Unguja ilipomdanganya. Mvua aliyoijua yeye ilimwangukia mtu kichwani, na kabla ya kuanguka ilijionyesha. Angejuaje kwamba huku mvua ya kumwua mtu inaweza kunyesha milimani, kwa watu wengine kabisa, na yeye amesimama juani anatafuta kivuli?

Tulijenga vizuri. Mpaka leo sijapata kujenga kitu kwa raha kama ile. Tulichota maji ya falaj kwa ndoo, tukachimba mto kwenye changarawe na kuukandika udongo ili usinywe maji. Nilirundika mawe yawe vilima vya chai. Tende changa zilizodondoka zikawa machungwa. Raya alitengeneza matanuri kwa kubonyeza udongo kwa kidole gumba, na makarara ya mtende yakawa mashua zake. Kila mashua aliipakia vyombo na kuiaga kwa heshima, "Fi amanillah, msichelewe." Mimi nilikuwa nikijenga ukuta wa kuzuia mafuriko, nikimweleza kwa sauti ya Abla kwamba ukuta ndio siri ya maisha ya watu wa mtoni.

Nikasikia jina langu.

"Nasra!"

Mara moja. Lilitoka upande wa mitende, nyuma ya ukuta wa shamba, sauti nzito ya mwanamke ambayo sikuitambua kwa sababu sikupata kumsikia Khalti Moza akipiga kelele. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Raya akafumbua mdomo kuitika, nikamziba kwa mkono uliojaa udongo. Tukakaa hivyo, macho yametutoka, tukisubiri wito wa pili. Haukuja. Basi nikajua, kwa uhakika wa mtoto aliyefundwa, kwamba aliyeniita si mtu, na kwamba salama yetu ilikuwa kutulia pale pale tulipo.

Nimekifikiria sana kimya kile. Upande mmoja wa ukuta alikuwapo mtoto aliyefundishwa asiitike wito wa kwanza. Upande wa pili alikuwapo mama aliyeapa asiite mara ya pili. Kila mmoja alikuwa anajilinda na kumlinda mwenziwe, na katikati yetu wadi ilikuwa inakuja.

Ulianza upepo wa baridi, usio wa saa ile. Halafu harufu ya vumbi lililoloa, nzuri kabisa. Mbuzi waliokuwa chini yetu walipanda ukingo wote kwa pamoja bila mchungaji. Raya alianza kulia.

"Nasra! Nasra! Nasra! Nasra!"

Hapo Khalti Moza alitokea kwenye pengo la ukuta, miguu mitupu, barakoa imemwendea upande, akiliita jina langu mfululizo. Mama yule, ambaye magoti yake yalimfanya asali ameketi, aliteremka ukingo wa mawe akikimbia. "Jaa l-wadi!" akapiga kelele. Wadi imekuja! Akamnyakua Raya kiunoni, akanishika mimi mkono kwa nguvu zilizoniachia alama, na tukapanda. Nilitaka kurudi kuchukua kitabu. Akanipiga kibao, cha kwanza na cha mwisho maishani mwake, na tukaendelea kupanda.

Sauti ilitangulia, kama malori yanayomwaga kokoto. Kisha kwenye kona ikatokea wadi yenyewe, ukuta wa kahawia wenye povu, matawi, pipa, na mlango wa nyumba ya mtu. Jua lilikuwa linawaka vile vile. China yetu ilikwenda mara moja tu, vilima, machungwa, matanuri na ukuta wangu wa kuzuia mafuriko. Gari moja lililoegeshwa karibu na mitende liligeuka taratibu, likaondoka nalo. Raya, kifuani mwa Khalti Moza, aliuliza kama mashua zake zimeshafika baharini.

Bibi alikuja mbio, akiiburura kanga yake. Alitupapasa mwili mzima, akamshukuru Mungu kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, kisha akataka kumkumbatia jirani yake. Khalti Moza alikuwa amekaa chini, anajipiga mapaja na kulia. Hakuwa analia kwa furaha.

"Anasemaje?" Bibi akaniuliza.

Nikasikiliza. "Anasema amenitoa kwa wadi. Anasema amelitaja jina langu, amelitaja tena, na wadi imesikia."

Bibi angeweza kucheka. Nilimwona akitafuta cheko lake la kila siku na kulikosa. Aliketi mchangani pembeni ya yule mama, magoti kwa magoti, na kwa Kiarabu chake kibovu akamwuliza: "Nani?" Na Khalti Moza akamwambia.

Zamani, kabla sisi hatujaja Ibra, alikuwa na mtoto, Hamed, wa umri niliokuwa nao siku ile. Wadi ilipomkuta katikati, mama yake alisimama ukingoni akamwita na kumwita mpaka sauti ikakauka, na kijana, badala ya kukimbia, aligeuka kumtazama mama yake. Maji yakamchukua, na tangu hapo mama aliamini kwamba ni yeye aliyeipa wadi jina la mwanawe. Miaka yote tulikaa naye ukuta kwa ukuta, tukimcheka, na hatukupata kumwuliza kwa nini haiti mara mbili.

Usiku ule Bibi hakula. Aliniweka mbele yake akanisuka nywele, ingawa zilikuwa zimeshasukwa. "Nilikufunzeni ya Unguja," akasema. "Huku si Unguja. Ukiitwa, itika." Nilijua kusema vile kulimgharimu, kwa kuwa sheria zile ndizo kitu pekee alichokuja nacho ambacho hakuna mtu aliyemnyang'anya. Nilimhurumia mno, nami sikujua bado kwamba mtoto anaweza kumhurumia mtu mzima.

Kesho yake Khalti Moza alikuja na chetezo cha ubani, akatufukiza mimi na Raya mpaka tukakohoa. Kisha akasema ameshalipata la kufanya. Kuanzia siku ile ataniita Hamed. Wadi ilikwisha kulichukua jina hilo, ilikwisha kushiba nalo, na haitalirudia. Nikiitwa hivyo, mwenye wadi akishuka kumtafuta Nasra hatamwona.

Baba aligutuka. Msichana kuitwa Hamed! Na jina la maiti! Lakini Bibi alimkatiza. "Mwache amwite atakavyo," akasema. "Mwanao yu hai."

Basi nikawa Hamed. Aliniita hivyo dirishani, sokoni kwenye soko la wanawake, mbele ya marafiki zangu waliokufa kwa kicheko, na siku ya harusi yangu mbele ya wakwe. Nilipokuwa kigori niliona haya, na kuna wakati nilipita njia ya mbali ili nisiitwe. Halafu nikazoea, na baada ya kuzoea nikalipenda.

Siku hizi ninafanya kazi Nizwa, katika kampuni ya tende. Wadi ya Ibra imewekewa kuta za saruji, na mvua ikinyesha milimani simu zote za mji zinalia kwa pamoja, tena na tena, wala hakuna anayeogopa jina lake. Nimefika hata China, kusini, kununua mashine za kufungia tende. Mwenyeji wangu alinipeleka mtoni, akanionyesha ukutani alama maji yalipofika alipokuwa mdogo. Nilimwuliza kwa mkalimani kama wazee wao walikuwa na mwiko wowote wa mto. Akacheka kwa haya, akasema mama yake hakuwaruhusu kutaja maji wakiwa ndani ya mashua. Sikucheka.

Khalti Moza alipolazwa, Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilitoka Nizwa asubuhi, nikafika hospitali ya Ibra mchana. Muuguzi, msichana mdogo, alinisimamisha mlangoni.

"Tangu jana anamwita Hamed," akasema. "Ni mwanawe? Tumpigie simu?"

"Ni mimi," nikamwambia.

Alinitazama, nguo yangu, mtandio wangu, akasogea.

Khalti Moza alikuwa mwepesi kitandani, macho yamefumba. Alipousikia mkono wangu aliushika, akaupanda mpaka kwenye kiwiko, kisha begani, kisha kichwani, akipapasa kama mtu anayekagua nguo kwenye kamba.

"Hamed," akasema. "Umerowa?"

"Hapana, Mama," nikamjibu. "Nimekauka kabisa."

Akashusha pumzi, akauacha mkono wake juu ya nywele zangu. Sikujua anamwuliza nani kati yetu wawili, mimi au mwanawe, na sikutaka kujua. Nilikaa pale mpaka akalala, nikifurahi kwamba kwa siku ile moja sote wawili tulikuwa tumemrudia kutoka kwenye maji.