Kibanja cha Vidole Vinne

Tangu ujana wangu mimi si mtu wa kutulia. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, walinitoa kwetu Muleba wakanipeleka Kibingo, na kila siku nilitafuta njia ya kuondoka. Shule ilikuwa na madarasa manne. Kitabu cha jiografia kilikuwa kimoja, tena kimejaa picha za milima ya nchi za watu. Nikajisemea, hapa nitaozea. Tuliposikia kwamba mkaguzi wa shule atapita, likanijia wazo la kutengeneza mfano wa kijiji kile kile kizima juu ya ubao, nyumba, migomba na njia zake, ili mkaguzi akiona aseme huyu kijana hafai kuachwa huku.

Niseme ukweli, kazi yenyewe ilininogea kuliko nilivyotegemea. Ubao ulikuwa mfuniko wa sanduku kubwa la sabuni. Ardhi niliifinyanga kwa udongo wa kichuguu. Mara ya kwanza ukakauka ukapasuka vipande vipande, nikautupa nje kwa hasira. Mara ya pili nikauchanganya na mavi mabichi ya ng'ombe na nyuzi za mgomba zilizokatwakatwa, ukashika. Kwenye vibanja, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, nilipaka uji mzito wa muhogo nikanyunyizia makapi ya kahawa, yakawa matandazo hasa. Kwenye uwanda wa nyasi nikamwaga unga wa mbao. Rangi nilizipata kwenye masizi ya chungu, udongo mwekundu na chokaa, na kijani nilikipata kwa kukoroga buluu ya kufulia na kiini cha yai. Brashi ilikuwa nywele za mbuzi nilizofunga kwenye kijiti. Nikagundua kwamba ukiifuta mpaka iwe karibu kavu, kisha ukaipitisha juu juu tu, rangi inashika kwenye vinundu na mashimo yanabaki meusi. Nilifurahi mno. Siku hiyo hata chakula nilisahau.

Watoto walipima kijiji kwa hatua, na mimi nikapunguza, kila hatua kumi upana wa kidole changu. Nikaenda vizuri mpaka kibanja cha mwisho, cha mama mmoja mjane aliyepakana na shule. Kibanja chake kilianzia kwenye njia kikaishia kwenye mstari wa emilamula, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani, na ng'ambo ya mstari huo alikaa shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe. Toka njiani hadi kwenye mstari watoto walihesabu hatua hamsini. Vidole vitano. Nami ubao ulikuwa umenibakizia vinne.

Mtu mwenye subira angebomoa aanze upya. Mimi nitoe wapi subira, rangi imeshakauka na mkaguzi yuko njiani? Nikabana. Nikaichora njia ukingoni kabisa mwa ubao, nikapanda emilamula zangu za njiti za ufagio palipobaki, na nilipotazama kwa mbali nikaona pazuri. Nani angejua?

Jumatano tukawaita wazazi waje kutazama. Watu walicheka, wakatafuta nyumba zao, wakabishana mgomba upi ni wa nani. Nilivimba kichwa vibaya sana. Shemeji wa yule mama hakucheka. Aliniuliza taratibu kidole kimoja ni hatua ngapi, nikamweleza kwa majivuno yangu yote, akaweka kidole njiani akahesabu mpaka kwenye njiti: vinne, yaani hatua arobaini. Kisha akaenda kumwita mzee wa kijiji aliyesimamia mambo ya mipaka. Akamwambia kwamba siku zote alishuku mjane ameusogeza mpaka kwa hatua kumi tangu mumewe afe, na leo mwalimu ameuonyesha mpaka wa kweli.

Mama yule alisema hajasogeza kitu. Mzee akainama juu ya ubao kwa muda mrefu.

"Mwalimu si mtu wa hapa," alisema. "Hana ndugu hapa wala hana ugomvi na mtu. Adanganye kwa faida gani?" Akanigeukia. "Mlipima kweli?"

"Tulipima," nikajibu.

Na kweli tulipima, si uongo! Ndivyo nilivyojitetea moyoni, huku nimejitia hamnazo, nafuta chaki isiyokuwapo mkononi. Ukanda ule wa hatua kumi ulikuwa na mibuni ya yule mama inayozaa kuliko yote. Bila hiyo angebaki na ndizi za kula tu. Hilo nililijua. Lakini ningetamka neno mbele ya wazazi wote, sifa ya hatua zangu na vidole vyangu ingekwisha pale pale, na mkaguzi anafika Ijumaa. Mzee akaamua kwamba Jumamosi asubuhi emilamula zitang'olewa zipandwe hatua kumi ndani.

Sikulala vizuri siku hizo. Nilizunguka ua wa shule kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alhamisi nilifika mara mbili karibu na mlango wa yule mama, nikageuka. Ijumaa mkaguzi akaja, akautazama ubao, akapitisha kidole kwenye ardhi yangu yenye vinundu, akasema ataandika kuomba nihamishiwe Bukoba. Nikamsindikiza mpaka njiani. Naona aibu hata leo kuandika kwamba nilingoja aondoke kwanza.

Jumamosi nilikimbilia kwenye kibanja. Nilimkuta shemeji ana jembe mkononi na mzee amesimama kwenye mstari. Nikasema yote bila kupumua, kwamba hatua zilikuwa hamsini, watoto wanajua, waulizwe, na kwamba kosa ni langu, ubao uliniishia. Mzee akaamuru tuhesabu upya mbele yake. Zikatimia hamsini. Shemeji akaliweka jembe begani akaondoka bila kuaga, na mzee akaniambia nimshukuru Mungu hawajang'oa hata mche mmoja.

Basi nikamgeukia yule mama nikitegemea angalau asante. Mjinga mimi.

"Siku tatu, mwalimu," alisema. "Kila asubuhi nimehesabu mwenyewe, na kila asubuhi zimekuwa hamsini. Nikasema, mwalimu amesoma, labda mimi ndiye nimechanganyikiwa tangu msiba." Akatazama kahawa iliyoiva. "Jana nimemkuta binti yangu anachuma hapa. Nimemchapa, mwalimu. Nimemwita mwizi."

Nikasema pole mama, naomba unisamehe. Akaitikia kwa kichwa tu, akaingia ndani.

Binti mwenyewe alikuwa wa darasa langu la pili. Jumatatu nilipoingia watoto wote walisimama, naye akiwa katikati yao, mkono wa kulia umevimba, akaniamkia pamoja na wenzake: shikamoo mwalimu. Nilisimama mlangoni na marahaba haikunitoka.