Nimefanya mtihani wa Kijerumani na vumbi la mgodi wa Mashamba usoni

Jamani, leo uchafu umenifaulisha.

Nilichelewa kutoka shimoni, nikapokea simu ya video ya mtihani karibu na magunia ya mawe. Nikianguka mtihani huo, narudia darasa lote.

Nilikuwa nimekariri "Ich wasche mich," yaani najiosha. Sisi tunasema naoga, inatosha. Wajerumani wanataka uongeze "mich", ujitaje mwenyewe.

Mwalimu akauliza nimefanya nini kabla ya mtihani.

Nikajibu kwa Kijerumani kwamba nimejiosha.

Akaangalia vumbi usoni mwangu. "Tata Ilunga, ni kweli?"

Wachimbaji wenzangu nyuma yangu wakamwambia mwalimu: "Mama, huyu hakuona mayi ya kuoga tangu jana."

Nikakubali: "Ich habe mich nicht gewaschen." Sijajiosha.

Akacheka. "Hiyo sentensi ya kukanusha ndiyo ngumu zaidi. Umepita."

Nani mwingine amewahi kusifiwa kwa kutooga?