Kichupa cha Maji ya Moto

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Malaba, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na moja na kichwa kigumu. Mdogo wangu Nekesa alijifungua nyumbani kwangu, miezi miwili kabla ya wakati. Mtoto wa kike, alienea kwenye viganja vyangu viwili.

Jirani yetu Mama Ajuma, aliyemzalisha, aliniambia, "Nekesa anatoka damu, hana nguvu ya kumbeba. Fungua blauzi, umuweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Halafu jifunikeni blanketi."

Nikamjibu, "Mama, mwili wangu ni vuguvugu tu. Haya maji ya jikoni yanachemka."

Nikajaza maji kwenye kichupa cha soda, nikakizungushia kitambaa, nikakilaza kando ya mtoto ndani ya shuka. Nilijiona msomi.

Teksi iliyotubeba na Nekesa kwenda hospitalini ilikwama nyuma ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Madereva walitaka kutupisha, ila hapakuwa na pa kusogea. Nilipogusa kichupa mara ya pili, kilikuwa kimepoa, na miguu ya mtoto ilikuwa baridi. Ndipo nikafungua blauzi. Nilikuwa nimechelewa.

Alifariki hospitalini mchana ule. Sista wa zamu hakunifokea. Alikaa nami kwenye benchi akasema, "Maji yako yalikuwa moto sana, lakini yalikuwa kidogo. Kichupa kama hicho hakibebi joto la kutosha, linaisha mara moja. Mwili wako si moto kama maji ya chai, lakini ni mkubwa, umebeba joto jingi, na unatengeneza lingine kila saa."

Nekesa, aliyekuwa amepoteza fahamu ndani ya teksi, aliniuliza jambo moja tu, kama mtoto alilia njiani. Nikamwambia hapana. Mpaka leo hatujalizungumza tena.

Basi, mwanangu, ukali wa joto ni kitu kimoja, na wingi wake ni kitu kingine. Kidole au kipimajoto kitakuonyesha ukali. Kujua kitu kina joto kiasi gani la kumpa mwingine, lazima uangalie pia ukubwa wake. Na mama aliyezalisha watoto wa mtaa mzima akikwambia jambo, muulize sababu kabla hujamkatalia. Mimi sikuuliza.

Mungu akuepushe na ujuaji wangu wa siku ile. Kila mtoto atakayewekwa mikononi mwako, amfikishe salama.