Jina Nililorusha Kwenye Wimbo wa Nane

Niliingia Bujumbura nikiwa na mashine ya kurekodi kichwani, imefungwa kwenye kitenge kama beseni la ndagala, dagaa wa ziwani. Nilitoka nayo Bukavu wakati risasi zilipoanza kulia hadi mtaani kwetu. Ilikuwa mali ya mkuu wa bendi yetu. Aliniambia nimtunzie, akashika njia yake, na sikumwona tena. Hadi Kamanyola nilibebwa na lori la mihogo. Hapo tulishushwa, lori likageuzwa, na uwanda wa Rusizi nikaupita kwa miguu siku tatu, nikikaa mbali na barabara kila niliposikia gari. Nilikuwa sina woga wa njaa. Nilikuwa na woga wa kuulizwa.

Niliulizwa kwenye daraja la Rusizi, hatua ya mwisho kabla ya mji.

"Fungua. Ni nini hiyo?" mwanajeshi aliuliza.

"Redio, afande."

"Redio gani haina antena?"

"Imekufa."

Akacheka. "Basi unabeba maiti. Nenda ukazike."

Tangu hapo nimekaa miji mingi, na mingi niliiacha kabla haijanizoea. Sasa nimepita arobaini, na bado mji unaonirudia ni ule, ambamo sikukaa hata miaka mitatu, wala sikupumzika hata siku moja.

Mashine haikuzikwa. Seremala mmoja wa Cibitoke, mtaa wa kaskazini mwa mji, alinipa chumba nyuma ya karakana yake. Nilifunika kuta kwa magodoro ya zamani, na watu wakaanza kupaita studio. Nilirekodi kwaya za makanisa na matangazo ya maduka. Kazi ilifanyika saa ambayo seremala na watu wake walikwenda kula, kwa sababu msumeno wao uliingia hata ndani ya magodoro. Ikifika alasiri, kila mtu alianza kutazama saa. Amri ya kutotoka nje haikumsubiri mtu amalize ubeti.

Binti mmoja alikuja mwaka wangu wa pili. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, mkazi wa Musaga, upande wa kusini, pale milima inapoinamia nyumba. Aliweka mezani daftari la fizikia. Nyuma ya daftari kulikuwa na nyimbo nane, kila moja imeandikwa kwa kalamu ya rangi yake.

"Nataka albamu," alisema. "Apana wimbo mumoja. Albamu."

"Nyimbo za nini, mudogo wangu?"

"Za mapenzi. Za kucheza. Moja ni ya rafiki yangu aliyeniibia viatu."

"Na vita?"

"Vita inajiimba yenyewe, yaya. Kila siku inanirudishia kiitikio."

Aliniita yaya, yaani mkubwa wake, na nilimpenda kwa jibu hilo kama unavyompenda mdogo wako. Alikuwa na sauti nyembamba iliyokwaruza kidogo ikipanda, na hakuogopa kurudia mstari mara ishirini. Siku nyingine alifika akiwa na vumbi magotini na kwenye viwiko. Sikumwuliza. Nilijua kwamba huko njiani milio ilishuka kutoka milimani na abiria wote walilala chini. Alikunywa maji, akafuta magoti, akasema, "Tulifika wapi?"

Tulikosa mpiga gitaa. Akaja naye siku moja, kijana mrefu mwenye koti kubwa la mlinzi wa nyumba, lile wanalovaa mazamu wa Kinindo, mtaa wa majumba karibu na ziwa. Alikuwa kaka yake. Gitaa alilibeba ndani ya gunia la makaa. Alipopiga, nilisahau kubonyeza kitufe.

Tulipomaliza, binti alinivuta mlangoni. Akaniambia kwamba kaka yake alipomaliza shule alipelekwa jeshini kama vijana wengine, na asubuhi moja aliondoka kambini bila ruhusa. Anayekamatwa kwa kosa hilo hawamrudishi shule. Mzungu mmoja wa shirika la misaada alimwajiri alinde geti lake bila kuuliza karatasi.

"Hapa anaitwa Zamu," alisema. "Jina lake halisi usilijue."

Lakini nililijua, kwa sababu dakika ishirini kabla ya hapo, alipofurahishwa na gitaa, binti mwenyewe alikuwa amemwita kwa jina hilo.

Sasa nieleze kazi yangu ya kweli, maana kurekodi nilijifunza baadaye. Kwetu, kwenye bendi, yuko mtu ambaye haimbi wala hapigi chombo. Yeye anarusha majina. Mpiga gitaa akichonga vizuri, unamwita jina lake, unataja alikozaliwa, unataja anakolala, unamsifu mbele ya watu. Usipomwita anaona umemtukana. Nimeona mtu akiweka gitaa chini katikati ya dansi na kwenda zake kwa sababu jina lake lilirukwa. Mtu wa kurusha majina nilikuwa mimi, tangu nikiwa na miaka kumi na saba.

Mashine ile ilikuwa na njia nne za kuingizia sauti. Ya kwanza niliwekea gitaa, ya pili besi na ngoma, ya tatu sauti ya binti. Ya nne nilijiachia mwenyewe, ya mwisho, baada ya wote kuondoka. Siku hiyo seremala alikuwa amekwenda msibani, karakana iko kimya. Nilivaa visikilizio, nikafumba macho, nikazipita nyimbo zote nane bila kupumzika. Miezi mingi sikuwa nimerusha jina la mtu. Nilikuwa Bukavu, taa zinawaka, watu wanacheza. Kwenye wimbo wa nane Zamu alipiga kile kipande chake kirefu, na mdomo wangu ukafanya kazi yake.

Asubuhi nilimpa binti kopi ya kwanza. Aliibusu kaseti, akaiweka ndani ya daftari la fizikia. Kwao umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo aliipeleka moja kwa moja kwa kinyozi wa Musaga, ambaye redio yake ilikuwa imefungwa kwenye betri ya gari na spika ikining'inia nje. Wimbo ukipendwa kwa kinyozi yule, kesho yake mtaa wote unaujua.

Mimi nilibaki nikisikiliza kopi ya pili kuhakikisha haina mikwaruzo. Nilipofika wimbo wa nane nilijisikia nikiita jina lake kamili, mara tatu. Nikajisikia nikisema, mtoto wa Musaga, sasa anakula upepo wa ziwa kule Kinindo.

Nilivua visikilizio. Nilitoka bila kufunga mlango.

Nilipofika Musaga ilikuwa saa sita. Binti alikuwa kwenye benchi la kinyozi, mikono katikati ya magoti, akicheka peke yake. Wanawake wawili waliotoka sokoni walikuwa wamesimama na mizigo yao kichwani, wanasikiliza.

"Yaya! Umekuja kutusikia? Tuko wimbo wa sita."

Kwenye kiti alikaa mwanajeshi, uso umejaa povu, bunduki mapajani chini ya shuka la kinyozi. Niliinama sikioni mwa binti.

"Wimbo wa nane nimemuita kaka yako. Jina lake. Na Kinindo nimeitaja."

"Apana," alisema taratibu, kama mtu anayekataa chai. Kisha akamgeukia kinyozi. "Shemeji, toa kaseti, iko na makosa."

"Makosa gani? Tangu ianze inaniletea watu."

"Wacha iimbe," mwanajeshi alisema kutoka ndani ya povu.

Tukaacha iimbe. Wimbo wa saba ulikuwa ule wa viatu vilivyoibiwa, na wale wanawake walicheka mahali pa kucheka. Binti alinishika mkono kwa kucha. Halafu gitaa la wimbo wa nane likaanza, zuri kuliko yote, na nikajisikia nikimwita mtu yule mbele ya bunduki.

Mwanajeshi aliinua kidole. Kinyozi akasimamisha wembe.

"Huyo ni nani?"

"Mupiga gitaa, afande," binti alijibu. "Wakongomani hawa wanaita kila mutu, hata mbuzi wa jirani."

Mwanajeshi akacheka kidogo. "Amesema Musaga."

"Alilala hapa juma moja tu."

"Mi nilikuwa na mwenzangu wa jina hilo, kambini. Na yeye alipiga gitaa." Alifuta povu mdomoni. "Alipotea."

"Majina inafanana, afande."

"Inafanana. Kinindo iko hapa chini tu. Nikimaliza kunyolewa nitashuka kumusalimia."

Sikujua kama anatania. Mpaka leo sijui. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umenyolewa.

Binti alisimama, akabonyeza kitufe mwenyewe, akatoa kaseti na kuitia kifuani.

"Afande, kaseti ni kitu imekufa. Mwenye nyimbo niko hapa. We kaa, nikuimbie zote, tangu ya kwanza."

"Zote?"

"Ni nane. Kama una haraka, basi."

"Imba, mutoto."

Akanigeukia bila kunitazama. "Yaya, nenda utuletee betri."

Redio ilikuwa na betri ya gari, na sasa ilikuwa imezimwa; nikaelewa natumwa Kinindo. Nikatoka. Nyuma yangu alianza wimbo wa kwanza, bila gitaa, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia au kupata habari zake.

Sikukimbia, kwa sababu mtu anayekimbia anasimamishwa. Niliteremka kuelekea ziwani nikiimba albamu moyoni kwa mwendo wake, nijue amefika wapi. Wimbo wa pili nilikuwa nimeacha nyumba za Musaga. Wa nne mbwa wa mageti ya Kinindo walianza kunibwekea. Nilimkuta Zamu kwenye geti la yule Mzungu, anafagia majani, na kwa hesabu yangu dada yake alikuwa kwenye wimbo wa sita.

Nilimwambia yote kwa sentensi mbili. Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Huyo afande iko na kovu hapa?" Aligusa kidevu.

"Sikuona. Alikuwa na povu."

Akavua koti, akalitundika kwenye geti, akachukua gunia lenye gitaa. Tulipanda baiskeli mbili za kubeba watu hadi upande wa pili wa mji, bila kupita Cibitoke. Mashine niliyoivusha uwanda mzima ilibaki juu ya meza, na mlango wazi.

Kwenye daraja la Rusizi mti wa kizuizi ulikuwa umelazwa njiani. Mwanajeshi wa hapo alitazama gunia.

"Wanamuziki? Tupigieni, basi."

Zamu alitoa gitaa. Vidole vyake, kwa woga, vilikwenda kwenye wimbo viliouzoea zaidi, wa nane. Nilisimama nimefunga mdomo.

"Na we? Wakongomani hawapigi bila kuita mutu. Niite mi."

Akanitajia jina lake na mlima aliozaliwa. Gitaa lilipofika kwenye kile kipande kirefu nikamrusha juu, mara tatu, yeye na mlima wake na mama yake aliyemzaa. Sijawahi kurusha jina la mtu vizuri vile. Wenzake walipiga makofi. Akacheka, akainua mti.

Tulitembea kuelekea Gatumba na mpakani bila kugeuka. Zamu alitembea mbele, gunia begani. Halafu akaniuliza:

"Mudogo wangu alikuwa na nyimbo ngapi?"

"Nane."

"Zimekwisha?"

Nilitazama jua. "Zamani."

Alihamisha gunia bega la pili. Hakuniuliza tena, na mimi nilishukuru, maana swali jingine lingetugeuza nyuma, na mbele yetu bendera ya mpakani ilikuwa imeshaonekana.