Jare Katikati ya Nyota

Enzi zetu nyota tulizigombania kwa zamu, mmoja akicheza na mwingine akingoja, na sitaomba radhi kwa hilo hata kidogo. Nasema hivi kwa sababu juzi mpwa wangu Liban, kijana wa sekondari asiyeweza kunywa chai bila simu mkononi, alichungulia gemu ninayocheza akacheka mpaka akakohoa. "Habaryar," akaniambia, maana mimi ni dada wa mama yake, "hii game yako imelala ama imekufa?" Nikamjibu kwamba haijalala wala haijafa. Inafikiri, nikamwambia, nawe ungejaribu siku moja.

Basi ninyi wa rika langu mtanielewa. Mlikula anjera kwa chai ya tangawizi kabla jua halijapanda, mkakimbilia duksi, chuo cha Kurani, na loho, ule ubao wa kuandikia, kwapani, wino bado mbichi umewachafua vidole. Mnakumbuka joto la Garissa saa saba mchana, mchanga unachoma hata ukiwa na ndara, na kila mtoto anatafuta ukuta wenye kivuli. Mnakumbuka nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa, iliyofichwa juu ya kabati kwenye samli yake, na jinsi mama alivyomjua mwizi kwa kunusa vidole tu. Wavulana walicheza mpira wa matambara mpaka magoti yakatoka damu. Wasichana walicheza kora, jiwe moja juu na mengine chini, na kuruka kamba mpaka adhana ya alasiri.

Mimi nilitazama. Mkono wangu wa kulia uliungua nilipokuwa bado natambaa. Niliangukia jiko la makaa, na vidole vitatu vikashikana vilipopona. Kwenye kora sikudaka jiwe. Kwenye kamba niliachiwa kazi ya kuizungusha, na hata hiyo nikanyang'anywa kwa sababu niliizungusha polepole. Hooyo, mama yangu, aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni, hakunilea kwa huruma. Kila niliporudi nyumbani nimenuna alinirekebishia mtandio kichwani akasema, "Mkono ndio uliungua, kichwa hakikuungua. Usikubali mtu akukimbize." Nilimwamini, lakini imani haikunipa mtu wa kucheza naye.

Kisha Abti Bare akaleta kompyuta. Alikuwa kaka yake Hooyo, na duka lake halikuwa mbali na soko la mifugo. Alitoa kopi, alichaji simu za wafugaji, alipiga picha za pasipoti mbele ya shuka la buluu. Kompyuta yenyewe aliinunua Nairobi ikiwa imeshatumika, kubwa na nzito kama sanduku la bibi arusi, na aliyekuwa nayo kabla yake alisahau gemu mbili ndani. Zote mbili zilikuwa za vita vya angani. Unaanza na sayari moja, unajenga vyombo, unateka nyota za watu. Tofauti ilikuwa moja tu, na tofauti hiyo iligawanya mtaa wetu pande mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya zamu. Unapanga mambo yako yote, unabonyeza kitufe cha kumaliza, unainuka kwenye kiti, mwenzako anakaa. Ya pili ilikuwa ya papo kwa papo. Huko hakuna kungojana. Vyombo vinajengwa huku vingine vinalipuka, adui anakuja huku bado unatafuta chuma, na mkono wako lazima uruke huku na huku kama kuku aliyeona mwewe. Mimi niliijaribu mara moja kwa mkono wangu wa kushoto. Kabla sijajua kitufe cha kujenga kiko wapi, nyumbani kwangu angani kulikuwa majivu, na watoto wakanishika bega waniondoe kwenye kiti.

Lakini ile ya zamu! Ramani yake ilikuwa vitone vya nyota vilivyounganishwa kwa mistari, na siku ya kwanza tulipoiona sote tulipiga kelele, "Waa shax!" Yaani, hii ni shax. Kila mtoto wa kwetu aliijua shax, ule mchezo ambao wafugaji huuchora mchangani, huyu na vijiwe vyake, yule na vijiti. Ukipanga vitatu kwenye mstari mmoja unasema "Jare!" na unamng'oa mwenzako kimoja. Kanuni za kompyuta hakuna aliyetufundisha, na maelezo yake yalikuwa Kiingereza kigumu kilichotupiga chenga. Tukacheza kwa kanuni za mchangani. Ukishika sayari tatu mfululizo kwenye mstari unapaza sauti, "Jare!" na mpinzani wako anaihama sayari yoyote utakayoinyoshea kidole, anawapakia watu wake wote na kuondoka. Kompyuta haikujua lolote kuhusu jare. Waliotengeneza gemu ile, popote walipo, wangeshika vichwa kumwona mtoto akiiacha kwa hiari yake sayari yenye dhahabu kwa sababu ya neno moja la wachunga ngamia. Sisi tulidhani ndivyo dunia nzima inavyocheza.

Na kama ilivyo kwenye shax, watazamaji walikuwa na haki ya kusema. Duka zima lilicheza. Mama aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho alishauri, mchuuzi wa miraa alishauri, hata mzee aliyengoja simu yake ijae chaji alinyosha bakora akaonyesha nyota ya kushika. Kwenye ile ya papo kwa papo mchezaji alikuwa mmoja tu, na neno lake kwa sisi wengine lilikuwa, "Nyamazeni!"

Kwenye kiti hicho cha zamu nilikuwa hatari. Nilikuwa nimetazama michezo ya wenzangu maisha yangu yote, na mtu akitazama sana anajifunza kuona. Nilianza kuitwa. "Fardosa yuko wapi? Mwiteni Fardosa!" Kama hujawahi kuwa mtoto wa kuachwa, hutajua utamu wa kusikia jina lako likiitwa mtaani.

Likizo moja akaja binamu yangu Abdinoor kutoka Islii, Nairobi. Alikuja na viatu vyeupe, Sheng mdomoni na vidole vyenye kasi ambayo hatukuwa tumeiona. Alicheza ile ya papo kwa papo wavulana wakabaki midomo wazi. Ya zamu aliidharau waziwazi. "Hii ni game ya wazee, bana," alisema. "Mnakaa tu mkingoja kama mko hosi kwa daktari."

Wiki hiyohiyo Abti Bare akatuita. Kompyuta ilikuwa imejaa, na picha za wateja hazikuwa na pa kukaa. "Gemu moja inatoka," akasema kwa lafudhi yake nzito ya Kisomali. "Chagueni nyinyi wenyewe. Bicha zangu hazina nafasi." Duka likageuka soko. Wavulana wakapaza sauti kwa ile ya kasi, na wachache wakaitetea ya zamu. Kwao ilikuwa gemu moja kati ya mbili. Mimi nilikuwa na moja tu. Ikifutwa, narudi ukutani kutazama.

"Tusibishane," Abdinoor akasema. "Nicheze na Fardosa hii yake ya zamu. Nikimchapa, inatoka, na asilie."

"Na nikikuchapa, yako inatoka," nikamjibu.

"Chezeni," akasema Abti. "Lakini hapa si uwanja wa fita. Sauti chini."

Tulianza asubuhi. Abdinoor hakuwa mjinga, nampa haki yake. Alitawanyika haraka, na kabla sijajenga hata kundi moja la maana akashika sayari tatu kwenye mstari. "Jare!" akapiga kelele, akicheka, akainyoshea kidole sayari yangu ya chuma. Nikaihama. Hiyo ndiyo kanuni.

Kisha akaanza kuhesabu. Kila nilipokaa kwenye kiti alisimama nyuma yangu na kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akitaka nimalize kabla ya kumi. Watoto wakaanza kucheka na kuhesabu pamoja naye. Mara mbili nilibonyeza nisipotaka, na nyota nyingine ikaenda. Niliona kabisa kinachofanyika: alikuwa anaigeuza gemu yangu iwe yake, palepale mbele ya macho yangu. Nikakumbuka vidole vya Hooyo kwenye mtandio wangu. Nikautoa mkono kwenye kipanya nikauweka mapajani.

"Hesabu mpaka ufike Mandera," nikamwambia. "Zamu yangu ni yangu."

Akahesabu. Alipita kumi, akapita ishirini, sauti za wenzake zikapungua moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimekaa, natazama ramani. Yule mama wa kopi akacheka peke yake. Mwishowe Abdinoor alichoka akakaa kwenye gunia, na hapo ndipo nilipourudisha mkono wangu kwenye kipanya nikacheza.

Kuanzia hapo nilicheza kama mtu anayenywesha mifugo. Chombo kimoja hapa, kimoja kule, hakuna kelele. Abdinoor alimaliza zamu zake kwa dakika moja na kuanza kuzungukazunguka dukani akilalamika. Hakuona kwamba nyota zangu mbili zilikuwa zimeshaukalia mstari unaopita karibu na nyumbani kwake. Nikaweka chombo kwenye ya tatu.

"Jare," nikasema. Sikupaza sauti.

"Jare gani?" akaruka. "Hii ni computer, si mchanga! Hiyo rule haiko!"

Abti Bare aliiacha mashine ya kopi. Alikuja pale taratibu, akatazama ramani, akamtazama Abdinoor. "Asubuhi wewe ulisema jare ukachukua," akamwambia. "Sasa imekuja kwako imekuwa kombyuta? Toa."

Nikanyosha kidole, kile cha mkono wangu ulioungua, kwenye sayari iliyoulinda mlango wa nyumbani kwake. Aliihama shingo upande. Zamu tatu baadaye nilikuwa ndani, na gemu ikaisha. Alasiri hiyo Abti aliifuta gemu ya kasi, na sikumwonea mtu huruma. Nilibaki na kiti changu miaka yote mpaka kompyuta ile ilipotoa moshi ikafa kifo cha kawaida.

Leo mimi ni mwalimu wa hisabati, na vijana wa rika la Liban wananieleza kwamba papo kwa papo ndiyo inayofanana na maisha. Maisha ya nani? Likizo nyingine nilipelekwa kwa nyanya yangu upande wa Griftu, na kisimani niliwaona ngamia mamia wenye kiu kali wakingoja, kila boma na zamu yake, na hakuna mtu aliyethubutu kusukuma wake mbele hata kama alitoka mbali. Wangecheza papo kwa papo pale, wangeuana kabla ya adhuhuri. Vijana hawa wana vidole vya ajabu, nakubali. Wanalipua sayari nzima huku wanatafuna. Waulize waliilipua kwa nini, wanakutazama kama umewauliza kwa Kichina.

Na Abdinoor? Sasa ni dereva wa lori la mizigo, Nairobi mpaka Mandera. Mwaka jana alinipigia simu, hakusalimu hata vizuri. "Fardosa, ile game yako ya kungojana, iko kwa simu?" Nilicheka nikalia kidogo. Iko, nikamwambia. Tangu siku hiyo tunacheza, naye huleta zamu yake kila anapofika penye mtandao. Moja Garissa akila mchele na nyama ya mbuzi, moja Wajir, moja Griftu, moja Takaba. "Network ni kidogo," huniandikia, yule aliyenihesabia moja, mbili, tatu. "Usichoke. Ningojee." Jare tumeihifadhi. Simu haijui lolote kuhusu jare, kama ile kompyuta.

Wiki iliyopita mvua ilikata barabara mbele ya Wajir. Malori yamekwama kwenye tope, simu hazipatikani, na zamu ya Abdinoor haijafika. Nina wasiwasi, sitaficha. Jana simu yangu ikaandika kwamba mpinzani wangu amechelewa kupita kiasi, na kitufe kikubwa cha kijani kikatokea: nikibonyeza, ushindi ni wangu. Liban aliona kabla yangu.

"Bonyeza, habaryar! Umeshinda!"

"Sijashinda. Ni zamu yake."

"Lakini hayuko!"

Nikaigeuza simu kifudifudi mezani, nikammiminia chai. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Siku hizi aliyenyamaza amefutwa, na mwingine amekaa kwenye kiti chake kabla hakijapoa. Enzi zetu aliyenyamaza alikuwa anafikiri, au yuko njiani, na kiti chake hakikuguswa. Kitufe kile bado kiko pale, kijani kinang'aa, na kitang'aa mpaka betri iishe. Abdinoor akitoka kwenye tope, akifika penye mtandao, iwe Griftu au Takaba, iwe kesho au mwezi ujao, atazikuta sayari zake zote mahali alipoziacha, na mimi nimekaa, sihesabu.